Rika la Ndoo

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, mbuzi na saa ya ukutani, kana kwamba mtu anayestaafu ana haraka ya kujua ni saa ngapi. Nawashukuru. Kitenge nimekivaa, mbuzi tumemla, saa imesimama. Kisha yule mwenzenu wa wodi ya watoto akaniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani, na mimi sikuwa na sababu ya kumkatalia kwa kuwa kuku wangu hawahitaji usimamizi mkubwa. Sitaandika habari za vyeo. Vyeo vilikuja vikiwa vimechelewa na havikunisaidia kumgeuza mgonjwa kitandani. Nitaandika kazi yenyewe, na zaidi ile miezi ya kipindupindu upande wa Kisorya. Siku hizi mnafundishwa kumkutanisha mgonjwa na mwenzake aliyepona ili amtie moyo, nanyi mnadhani jambo hilo limeletwa na semina.

Nilianza kazi muda mfupi baada ya Uhuru, katika zahanati moja nje ya Bunda, jengo la vyumba viwili katikati ya mashamba ya pamba. Nilitoka kwetu Nyegina na sanduku la bati na viatu vyeupe ambavyo vilikuwa bado havijui vumbi. Mganga wa zahanati alikuwa Mzee Mafuru. Wakati ule hakuwa mzee, ila watu walimwita hivyo kwa sababu alikuwa mtu wa maneno machache. Alinitazama viatu, akasikitika kidogo, akaniambia nikachemshe sindano.

Ninyi mnachana karatasi, mnachoma sindano, mnatupa. Sisi bomba lilikuwa la kioo na sindano ilikuwa ile ile mwezi hadi mwezi. Tulizichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na mafuta yakiisha, juu ya mafiga nyuma ya zahanati. Sindano ikiwa butu tuliinoa kwenye jiwe dogo ambalo Mzee Mafuru alilihifadhi mfukoni kama mtu anavyohifadhi tumbaku. Kisha aliivuta taratibu ndani ya pamba. Ikinasa nyuzi, alinirudishia. Nilinoa nikalia, nikanoa tena. Alinifundisha pia kutomdanganya mgonjwa. Mtoto akiuliza kama itauma, alimjibu kwamba itauma, lakini si kama anavyofikiri. Watoto walimwamini, na wengine walimletea wadogo zao wenyewe.

Tulizunguka kwa baiskeli kuchanja ndui, hadi kwenye minada ya Butiama, ambako wenye ng'ombe walikubali upesi kuchanjiwa ng'ombe na wakachelewa sana kukubali kuchanjwa wao. Mzee Mafuru hakubishana na mtu. Alikunja mkono wa shati akawaonyesha kovu lake, kisha akauliza bei ya fahali. Nilijifunza kwake kwamba haraka ya mganga humtisha mgonjwa. Somo hilo sikulijifunza vizuri, maana mimi ni mtu wa hasira na mnaifahamu.

Baadaye watu wakahamia katika vijiji vya ujamaa. Nyumba zilipangwa kwenye mistari, shule ikajengwa, duka la kijiji likafunguliwa, na jioni watu wazima walisoma kisomo. Nilifurahi kuyaona hayo, na hadi leo sikubali mtu anayeyadharau yote kwa pamoja. Ila nyumba zilihama na chemchemi hazikuhama. Katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa, ambacho sitakitaja kwa sababu wajukuu wa watu wako pale, kisima kilichoahidiwa kilikuwa bado hakijafika maji, na kila mtu alichota ziwani mahali pale pale pa kufulia na kunywesha mifugo. Kipindupindu kilipoingia hakikuhitaji kuuliza njia.

Mzee Mafuru na mimi tulitumwa huko kwa sababu tulijulikana kuwa hatulalamiki. Wadogo zangu, jitahidini mlalamike mara moja moja, vinginevyo mtatumwa kila mahali. Tulipewa shule ya msingi iwe kambi. Madawati yalipangwa nje moja juu ya jingine. Fundi wa kijiji alitutengenezea vitanda vya kamba za katani vyenye tundu katikati, na chini ya kila tundu tuliweka ndoo, kwa maana ugonjwa ule hauachi mtu aende chooni. Mlangoni tuliweka gunia la kukanyagia, lililolowa dawa ya kuua vijidudu. Ubaoni darasa la tatu kulikuwa bado kuna hesabu za kugawanya ambazo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzifuta.

Dripu zilikuwa chache na gari la kuzileta halikuwa na dizeli ya uhakika. Tegemeo letu lilikuwa maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari. Na sukari yenyewe ilikuwa ya mgawo. Mabalozi wa nyumba kumi walikaa wakakubaliana mgawo wa kijiji kizima uletwe kambini, na watu wakanywa uji wao wa mtama bila sukari kwa ajili ya wagonjwa. Mzee Mafuru alichanganya kila ndoo mwenyewe, akaonja tone kwenye kijiko kuhakikisha haizidi chumvi ya machozi, hapo nje jikoni, kisha akaingiza ndoo ndani. Amri tuliyopewa ilikuwa kwamba hakuna mtumishi kula wala kunywa ndani ya kambi, na hakuna watu wawili kutumia kikombe kimoja. Ilikuwa amri sahihi. Ningekuwa bado kazini ningewaambia hivyo hivyo.

Lakini wagonjwa hawakunywa. Tulimpa mtu kikombe, akakipokea kwa adabu, akagusa midomo, akakiweka chini. Wengine walijaza kinywa na kutema nilipogeuka. Tulihubiri, tukabembeleza, mimi nikafoka. Kijana mmoja mkulima wa pamba, ambaye mke wake mjamzito alikuwa amekaa nje ya uzio tangu asubuhi, alikufa huku kikombe chake kimejaa. Nilikimwaga kwenye shimo la chokaa nikalia mbele ya watu. Sikuwa na huzuni peke yake. Nilikuwa na hasira, kwa sababu sukari ya kijiji kizima ilikuwa ndani ya kile kikombe na haikumwokoa.

Aliyetufungua macho alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Nyabise, mpika pombe wa kijiji hicho hicho, mwenye ulimi mkali na kicheko kikubwa. Aliletwa kwenye machela akiwa hana hata mate, akapata dripu zilizobaki, akapona. Siku ya kumruhusu, jirani yake aliletwa akalazwa kitanda cha pili. Nilimpa jirani kikombe, naye akafanya kama wengine. Nyabise alichukua kikombe chake, akanyoosha mkono nimjazie kutoka ndoo ile ile, akanywa mbele ya jirani mpaka chini, akajifuta midomo. "Haya," akasema, "mimi nimetangulia." Jirani akanywa.

Nilisimama pale nikaona haya. Kwetu Mara, mwenye pombe hutangulia kuonja mbele ya mgeni, ndipo humpa. Baba yangu hakupokea kibuyu kwa mtu ambaye hajaonja, hata akiwa ndugu, na wala haikuwa tusi kwa yeyote. Watumishi wote wa kambi ile tulikuwa watoto wa hukohuko. Nyumbani tusingethubutu kumkaribisha mtu kwa namna ile, tukampa kinywaji na kusimama kumkodolea macho. Tulipovaa gauni jeupe tukafanya hivyo kutwa nzima.

Mzee Mafuru hakupoteza muda wa kushangaa. Alimwomba Nyabise abaki kama yuko tayari, na akatafuta namna ya kuiheshimu mila bila kuvunja usafi. Vikombe vilikuwa viwili na ndoo moja. Kikombe cha aliyepona kilifungwa uzi mwekundu kwenye mshikio kisichanganywe. Kuchota ilikuwa kazi ya nesi peke yake, kwa upawa wa mpini mrefu. Aliyepona alinawa kwa sabuni, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda, na wakanywa pamoja, huyu akinywa na huyu anakunywa, hadi mkojo wa mgonjwa urudi. Ndiyo, wadogo zangu, tulisubiri mkojo kama watu wanavyosubiri mvua.

Wakapona wengine, nao wakabaki. Mmoja alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa mtu, mwingine mama wa makamo aliyesali kanisani kila Jumapili na kutambika siku nyingine. Wakajiita rika, kwa sababu watu waliopitia jambo moja pamoja ndio rika. Marika yetu hupewa majina ya kujivunia, ya vita au ya mwaka wa neema. Wao wakajiita Rika la Ndoo. Nyabise alisema kila mmoja wao amekaa juu ya ndoo akiwa uchi mbele ya watu, kwa hiyo hakuna wa kumficha mwenzake kitu.

Katika siku hizo alifika Ndugu Elinami, kijana mtafiti kutoka chuo kikuu, mzaliwa wa milimani Kilimanjaro. Alikuja kuchunguza jinsi vijiji vinavyopambana na kipindupindu, wapi watu wanachota, nani anaosha maiti, nani anamsikiliza nani. Nilitegemea mtu wa kutuona washamba. Haikuwa hivyo. Alijifunza salamu zetu, akalala stoo ya shule juu ya magunia, akala ugali wa muhogo na samaki wadogo wa furu bila kukunja uso. Kuuliza si ujinga, na yeye aliuliza mpaka mbwa wa kijiji wakamzoea.

Alichotaka hasa kujua ni kwa nini watu wananywa akiwepo mtu wa Rika la Ndoo na hawanywi akiwepo nesi. Mawazo yake ya kwanza yalikuwa kwamba wanaogopa kuwekewa sumu. Wakiona mwenzao ameonja, hofu inaisha. Kwa hiyo, alisema, wakielimishwa vizuri kuhusu kilichomo ndani ya ndoo, watakunywa wenyewe. Mimi nilikubaliana naye kabisa. Mzee Mafuru pia alikubali, huku akinoa sindano.

Kisha likaja katazo. Ofisa mmoja aliyesimamia kambi kadhaa za upande wetu alisikia kwamba watu wasio watumishi wanakaa ndani na wagonjwa. Aliagiza watolewe wote na mgambo asimamishwe mlangoni. Hakuwa mtu mbaya. Katika kambi nyingine ugonjwa ulikuwa umetoka nje kupitia watu waliokuja kuuguza, na yeye ndiye aliyezika. Nilimpelekea ujumbe kwa dereva wa gari la dripu nikimweleza habari ya vikombe viwili, naye akajibu kwamba kama ni kazi ya lazima ifanywe na mtumishi. Nyabise na wenzake wakatolewa. Hawakwenda nyumbani. Walikaa nje ya uzio chini ya jua, na vigoda vyao.

Ndoo zikaanza tena kubaki na maji. Nilikasirika kiasi kwamba nilishindwa kula. Mzee Mafuru aliniambia tungoje ofisa aje mwenyewe aone, na wakati huo tuchape kazi. Alichapa kazi kuliko nguvu zake. Asubuhi moja sikumkuta jikoni kwenye ndoo. Nilimkuta amekaa chini nyuma ya darasa la tatu, ameegemea ukuta, macho yameingia ndani, na ngozi ya mkono wake nilipoifinya haikurudi.

Dripu hazikuwepo hata moja. Tulimlaza, nikachanganya ndoo kama alivyonifundisha, nikampa kikombe. Akakishika, akakiweka chini, akageukia ukuta. Sikuamini. Huyu ndiye aliyeyachanganya maji yale tangu siku ya kwanza. Alijua kila kijiko kilichomo. Nilimsihi, nikamkumbusha maneno yake mwenyewe, nikamfokea kama mtoto. Mwisho nikavunja amri, nikachota kikombe changu, nikanywa mbele yake mpaka chini. Ndugu Elinami alikuwa amesimama mlangoni, amekanyaga gunia la dawa, hajui aingie au atoke.

Mzee Mafuru alinitazama kwa upole ulioniumiza. "Wewe ni mzima, binti yangu," akasema. "Unakunywa ili unionyeshe. Nenda ukanawe."

Nilielewa kwamba anakufa, na kwamba mimi si mtu wa kumzuia. Nilitoka nikaenda mlangoni. Nyabise alikuwa pale, akinitazama usoni, amekwisha kuona nililojia. Nilimwambia aingie. Mgambo, kijana wa kijiji aliyenifahamu, aliweka fimbo yake katikati.

"Nesi, mimi nimeambiwa asiingie mtu ambaye siyo mtumishi," akasema. "Nitajibu nini?"

"Na mimi nimeambiwa mtu asife," nikamjibu. "Tutaona nani ataulizwa kwanza."

Akaondoa fimbo. Nyabise alinawa kama tulivyozoea, akaweka kigoda karibu na kitanda cha Mzee Mafuru, akanyoosha kikombe chenye uzi mwekundu. Nikamjazia. Hakunywa mara moja. Alimsogelea yule mzee aliyegeukia ukuta.

"Bwana Mganga," akasema, "na mimi nilikuwaga nageukia ukuta hivyohivyo. Huko ukutani hakuna kitu. Nimeangaliaga sana."

"Tumbo linakataa, mama."

"Hata langu lilikuwa linakataaga. Lilikataa mpaka likachoka. Na ile aibu ya ndoo, ukisikia watu wanapita, unaona bora ufe. Naijua. Geuka huku tunywe kidogo tu, kama tunaonja pombe ambayo haijaiva."

Ilimchukua muda. Niliomba Mungu waziwazi na sikujali nani ananisikia. Kisha Mzee Mafuru akageuka. Nyabise akanywa funda moja, naye akanywa funda moja. Akatapika. Nyabise akasema ya kwanza hutapikwa, hiyo ni haki ya tumbo, akanywa nyingine. Waliendelea hivyo hadi jua likapita paa la shule, na nilikuwa nimekwisha chota upawa baada ya upawa bila kuhisi mkono wangu.

Alasiri Mzee Mafuru alipopata nguvu za kuzungumza, Ndugu Elinami alichuchumaa karibu naye akamuuliza kwa heshima kama alikuwa ameogopa sumu. Hakuwa anamdhihaki. Alitaka kujua, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumjibu swali lile.

"Sumu gani, mwanangu, nimeichanganya mwenyewe," Mzee Mafuru akasema. "Kujua nilijua. Lakini kule kujua hakukunishikia kikombe."

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ndugu Elinami akaniambia kwamba itabidi aanze upya, kwa kuwa alikuwa anapima elimu ya watu na hajapima upweke wao. Alianza upya kweli. Ripoti yake iliandikwa Kiingereza na ilisomwa na watu ambao sitawajua, lakini ninajua ilikataa kusema kwamba ujinga ndio uliowazuia watu wetu kunywa. Kwa hilo nampenda hadi leo.

Kesho yake asubuhi ofisa akaja na Landrova. Mgambo alimweleza kila kitu kabla hajashuka, kama nilivyotegemea. Nilisimama mlangoni tayari kufukuzwa kazi, nami nilikuwa nimekwisha amua kwamba nitafukuzwa nikiwa nimeshika upawa. Aliingia, akakanyaga gunia, akamkuta Mzee Mafuru, mganga aliyemheshimu, anakunywa funda kwa funda na mpika pombe. Nikamweleza. Ndugu Elinami naye akamweleza, kwa utaratibu na bila kuongeza chumvi, ndoo zilivyokuwa zinaisha na zilivyoacha kuisha. Ofisa alisikiliza. Alituuliza kuhusu vikombe, uzi, sabuni na nani anachota. Aliuangalia upawa wangu mbele na nyuma.

Kisha akapata njia ya kuokoa amri yake na wagonjwa kwa pamoja. Alimtuma dereva alete gauni jeupe la wauguzi kutoka kwenye gari, akamkabidhi Nyabise. Akasema kuanzia leo yeye ni mtumishi wa kambi, na wenzake wataletewa ya kwao, hivyo hakuna amri iliyovunjwa. Alilisema kwa wema na nilimshukuru.

Nyabise alilipokea kwa mikono miwili. Akalikunjua, akalipima mabegani, likamtosha.

"Asante, Ndugu," akasema. "Lakini nikivaa hili, nani atakunywa na mimi?"

Mzee Mafuru alikuwa anatetemeka, kwani nguo zake tulikuwa tumezichoma na shuka lilikuwa limelowa. Nyabise akamfunika lile gauni mpaka shingoni, akakaa, akanyoosha kikombe nimjazie. Ofisa alitoka nje akamwambia mgambo awaachie wale wengine waingie kama walivyo.

Mzee Mafuru alitoka kambini akiwa amevaa gauni lile, kwa maana hakuwa na nguo nyingine kambini, na kijiji kizima kilicheka, naye akacheka nao. Tulimwambia apumzike alikofikia kijijini mpaka apate nguvu za kurudi kazini. Kesho yake alirudi. Alikuwa amevaa shati kuukuu la shambani na hakuja na koti lake la uganga. Hakwenda jikoni kwenye ndoo. Alinawa, akachukua kigoda, akakaa pembeni ya mzee mmoja aliyekuwa amegeukia ukuta, na akaninyooshea kikombe chenye uzi mwekundu.